Ada, Kata na Makato

Neno "ada" lina nyuso mbili katika Kiswahili cha pwani. Uso wa kwanza ni desturi, yaani jambo litendwalo kwa sababu ndivyo lilivyokuwa likitendwa, na asiyelitenda hutazamwa kama mtu asiyefunzwa kwao. Uso wa pili ni malipo, kile anachopewa mwalimu wa chuo, mganga, fundi au kungwi kwa kazi yake. Watunzi wa kamusi huziweka maana hizo pamoja, na hawakosei, kwani malipo ya namna hiyo hayakuwa na bei wala stakabadhi. Yalitolewa kwa kuwa ni ada kuyatoa. Vyama vya wafanyakazi vilipotafuta jina la fedha anayotoa mwanachama kila mwezi, vilichukua neno hilo hilo, na neno likaja na nyuso zake zote mbili.

Aliyeligundua jambo hili si mshairi wala mtu wa lugha. Ni muuguzi, mzaliwa wa Kilindoni katika kisiwa cha Mafia, ambaye serikali ilimpangia kazi katika kata ya Dutwa, wilaya ya Bariadi. Kwa aliyekulia kwenye harufu ya mwani na makumbi, Dutwa ni ulimwengu mwingine. Ukiiacha Lamadi, kandokando ya Ziwa Victoria, na kuifuata barabara inayoelekea Bariadi, unaingia katika nchi ya wazi, ya mawe makubwa, ng'ombe na mashamba ya pamba. Ni nchi ya Wasukuma. Mkoa wa Simiyu, ulioundwa mwaka 2012 kwa kumegwa hasa kutoka Shinyanga, ndio unaosifika kuliko mikoa yote ya Tanzania kwa wingi wa pamba. Na katika vilima vya Dutwa watafiti wa madini walikwisha kuona nikeli, ingawa wenyeji wengi bado huitazama mbingu ya mvua kuliko ardhi ya madini.

Huko alijifunza kuamkia kwa "mwangaluka" asubuhi, na alijifunza pia kwamba neno "kata", ambalo kwao Mafia ni kwanza kabisa kile kifuu chenye mpini cha kuchotea maji mtungini, huku bara ni kwanza kabisa eneo la utawala. "Mimi ni mtumishi wa kata," alizoea kuwaambia ndugu zake kwa simu, nao wakicheka kwa kuwa walisikia kana kwamba anatumikia chombo cha maji. Na ipo kata ya tatu, ya kitenzi, ambayo hukaa katika hati ya mshahara.

Hati hiyo siku hizi haiji kwa karatasi. Mtumishi huifungua kwenye simu yake, mara nyingi usiku, akiwa peke yake, kama mtu asomaye barua asiyotaka wengine waione. Juu kuna mshahara, chini kuna makato. Kwanza kodi ya mapato. Kisha mfuko wa hifadhi ya jamii kwa watumishi wa umma, PSSSF, asilimia 5. Kisha bima ya afya, asilimia 3. Kisha Bodi ya Mikopo, asilimia 15, kwa wale ambao kama yeye walisoma chuo kikuu kwa mkopo. Chini ya hiyo, mstari mfupi wenye jina la chama cha wafanyakazi na asilimia 2.

Miaka miwili aliupita mstari ule bila kuusoma, kama mtu apitavyo kaburi la jamii nyingine. Usiku mmoja aliusoma, akajiuliza: nilijiunga lini?

Swali hili lisichukuliwe kuwa ni la uchoyo. Kazi ya muuguzi ni kazi ya ridhaa na ya daftari. Mtoto hachanjwi pasipo kuandikwa kwenye kadi. Mgonjwa hapasuliwi mpaka yeye au jamaa yake atie saini au dole gumba katika fomu ya ridhaa, na ni muuguzi ndiye anayeisimamia saini hiyo, akieleza kwa Kiswahili, na pale inaposhindikana kwa Kisukuma cha kuazima, nini kitakatwa na kwa nini. Mtu wa kazi hiyo akiona mkato asioukumbukia ridhaa, hasumbuliwi na ukubwa wake. Husumbuliwa na fomu. Mwenyewe alikumbuka kwamba siku ya kuripoti kazini alitia saini karatasi nyingi, moja juu ya nyingine, akiwa na vumbi la safari na hamu ya kuoga. Huenda fomu ya chama ilikuwamo. Huenda haikuwamo.

Alimpelekea swali lake mwalimu mstaafu ambaye, baada ya kuacha chaki, alikuwa msaidizi wa kisheria. Watu wa aina hii walikuwapo tangu zamani, wakihudumu chini ya mashirika yasiyo ya kiserikali, lakini Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ndiyo iliyowapa nafasi inayotambulika Tanzania Bara: hawalipwi na mteja, na kubwa wanalolitoa ni elimu. Kwa kawaida wanaofika kwao ni wajane waliodhulumiwa shamba, wanawake waliotelekezwa na watoto, wafugaji wenye kesi ya mipaka. Mtumishi wa umma mwenye mshahara na simu ya kisasa si mteja wao wa kila siku. Inadhaniwa kuwa yeye anajua. Dhana hiyo ni mbovu: mtumishi wa umma anaweza kuijua miongozo ya wizara yake kwa moyo, na asijue neno moja la sheria inayomhusu yeye mwenyewe.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti yangu. Umeleta dawa au umeleta maneno?"

Akampa simu. Mzee akavaa miwani, akausoma mstari, kisha akasema jambo lililomshangaza: kwamba mstari ule mmoja unaweza kuwa na maana mbili tofauti kabisa, na hati ya mshahara haisemi ni ipi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, inampa kila mwajiriwa haki ya kuanzisha chama cha wafanyakazi na kujiunga nacho. Wanaotolewa nje ni askari wa majeshi ya ulinzi, polisi, magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Kinyume chake pia ni haki: Katiba ya mwaka 1977, katika ibara ya 20, inakataza mtu kulazimishwa kujiunga na chama chochote. Hivyo ada ya uanachama haiwezi kukatwa mpaka mfanyakazi amruhusu mwajiri kwa fomu maalumu, ile ambayo watumishi huiita kwa namba yake, TUF 6. Akibadili nia, humwandikia mwajiri na chama taarifa ya mwezi mmoja, na mwezi ukiisha makato hukoma. Hadi hapo mambo ni mepesi, na laiti sheria ingeishia hapo, mazungumzo yangeishia hapo pia.

Lakini kifungu cha 72 cha sheria hiyo hiyo kinafungua mlango mwingine. Chama chenye wanachama wengi kuliko nusu mahali pa kazi, kikishatambuliwa, kinaweza kukubaliana na mwajiri kwamba hata wasio wanachama wakatwe ada, nayo huitwa ada ya uwakala. Hiyo haihitaji saini ya mtu. Masharti yake ni kwamba asiye mwanachama asilazimishwe kuwa mwanachama, kwamba anachokatwa kisizidi anachokatwa mwanachama, kwamba fedha ziwekwe katika akaunti ya peke yake, na kwamba zitumike kwa maslahi ya wafanyakazi wa mahali pale tu.

Sababu ya mlango huu haikosi mantiki, na watu wa pwani wana neno lake: udoezi. Chama kikijadiliana na serikali kuhusu mshahara, kinachopatikana hupata wote. Mei Mosi ya mwaka 2025 mjini Singida, Rais Samia Suluhu Hassan alipotangaza kwamba kima cha chini kwa watumishi wa umma kitapanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai, hakusema kwamba nyongeza ni ya wenye kadi tu. Asiyechanga akala sawa na aliyechanga ni mdoezi, hata akiwa na nadhiri safi moyoni. Vyama vinasema hivyo, na ni vigumu kuvipinga.

Vigumu zaidi ni hesabu inayofuata. Kwa mwenye mshahara wa 500,000, asilimia 2 ni shilingi 10,000 kwa mwezi, 120,000 kwa mwaka. Mwanachama hutoa kiasi hicho na kupata kura, sauti mkutanoni na haki ya kugombea uongozi. Wa ada ya uwakala aweza kutoa kiasi hicho hicho na asipate kura. Na mwanachama aliyekasirika akaandika barua ya kujitoa, penye makubaliano ya uwakala, atajikuta mwezi unaofuata anakatwa pesa ile ile kwa jina jingine. Alichofanikiwa kukiacha ni kura yake.

"Kwa hiyo nikitoka, nimebaki," alisema muuguzi.

"Umebaki nje ya mlango, na kiingilio umeshalipa," mzee akajibu.

Ni haki kuuliza desturi hii ilianzia wapi, maana haikuzaliwa na sheria ya 2004. Tanganyika ilikuwa na shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, tangu mwaka 1955, na katibu wake mkuu alikuwa Rashidi Kawawa. Vyama hivyo vilikuwa na ulimi mkali kwa mkoloni, na baada ya uhuru havikuuficha ulimi huo kwa serikali mpya. Baada ya maasi ya askari ya Januari 1964, viongozi wengi wa wafanyakazi walitiwa kizuizini, TFL ikavunjwa, na sheria ikaunda chama kimoja tu, NUTA, ambacho katibu wake mkuu, Michael Kamaliza, alikuwa papo hapo Waziri wa Kazi. Mfanyakazi na mwajiri walikaa kiti kimoja, na ada ikapita katika mshahara kimya kimya. NUTA ikawa JUWATA mwaka 1978, jumuiya ya Chama tawala. JUWATA ikawa OTTU mwaka 1991. Kisha vyama vikatengana kwa fani, walimu wakiwa mbele na CWT yao mwaka 1993, na tangu mwaka 2001 TUCTA ikawa paa la wengi. Majina yalibadilika mara nne. Kwa mtumishi wa kawaida kilichobaki vile vile ni mkono usioonekana wa mwisho wa mwezi. Kizazi kizima kilikua kikijua kwamba mwenye kazi hukatwa, kama ajuavyo kwamba mwenye shamba hupalilia. Ada ikarudi kwenye maana yake ya kwanza.

Wasukuma, ambao muuguzi alikuja kuishi kwao, wana historia yao ya kuulizia makato, na inastahili kukumbukwa kuliko inavyokumbukwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mkulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa alikuwa akipeleka mzigo wake kwenye vituo vya ununuzi, na mizani ilikuwa ya mnunuzi. Mkulima aliona sindano ikicheza. Asiyejua kusoma namba alisubiri kuambiwa. Waliojitokeza kwanza hawakuja na maandamano wala na chama kikubwa. Walikuja na waangalizi wa mizani: mtu anayesimama kando ya mzani wa mnunuzi, akaisoma namba, akamwambia mwenye pamba ilivyo. Basi. Hakumwambia auze au asiuze. Kutoka kwenye vuguvugu hilo, ambalo Paul Bomani alikuwa mmoja wa viongozi wake, vilikua vyama vya ushirika vya wakulima, na mwaka 1955 vikaungana katika Shirikisho la Victoria, VFCU, lililokuja kuwa miongoni mwa mashirika makubwa ya ushirika barani Afrika. Bomani mwenyewe alikuwa Waziri wa Fedha mwaka 1962. Kwamba ushirika nao baadaye ulipatwa na maradhi ya makato, na kwamba serikali iliufuta mwaka 1976 na kuurudisha mwaka 1982, ni kisa kingine, na wazee wa Dutwa hukisimulia kwa sauti ya chini na kicheko kikavu.

Mwangalizi wa mizani ni kipimo kizuri cha kuwapimia wale wanaosema kuwa kazi yao ni kuwaelimisha watumishi haki zao, maana si wote wanaosimama kando ya mzani kwa nia moja. Huko Marekani, tarehe 27 Juni 2018, Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua, kwa majaji 5 dhidi ya 4, kesi ya Mark Janus, mtumishi wa jimbo la Illinois aliyekataa kukatwa ada ya uwakala. Mahakama ilisema kwamba mtumishi wa umma hawezi kutozwa ada hiyo pasipo ridhaa yake iliyo wazi, ikaufuta uamuzi wake wa mwaka 1977 uliotokana na kesi ya walimu wa Detroit. Tangu hapo mashirika kadhaa yasiyo ya kibiashara yamefanya kazi moja: kuwaarifu watumishi kwamba wanaweza kutoka. Mojawapo, Freedom Foundation la jimbo la Washington, hupeleka watu kubisha hodi nyumba hadi nyumba. Wenyewe wanaita kazi hiyo elimu ya haki. Vyama vinaiita vita vya matajiri dhidi ya wafanyakazi, vinavyopiganwa kwa bahasha badala ya marungu. Msomaji wa mbali hana haja ya kuingia katika ugomvi huo ili aone jambo moja: mtu anayekufundisha mlango wa kutokea na kukuficha mlango wa kuingilia hajakusomea mzani wote. Kadhalika chama kinachokupa fomu ya kujiunga na kukuficha taarifa ya mwezi mmoja ya kujitoa.

Kwa ndugu zake muuguzi wangalikuwa Unguja au Pemba, sheria ingekuwa nyingine. Kazi si jambo la Muungano, na Zanzibar ina Sheria yake ya Mahusiano Kazini, Na. 1 ya mwaka 2005. Ina pia kumbukumbu yake. Mwaka 1948 wachukuzi wa bandari ya Unguja waliweka chini mizigo, kama wenzao wa Mombasa na Dar es Salaam walivyofanya mwaka uliotangulia, na mgomo ukaenea mjini hadi kazi nyingi zikasimama. Kilichowashika pamoja ni mitaa ya Ng'ambo, ujamaa, hamu ya kula na hasira ya bei. Wale hawakukatwa kitu ili wawe kitu kimoja. Lakini si sawa kumsuta muuguzi wa Dutwa kwa mfano wao: huduma za afya ni miongoni mwa huduma muhimu ambazo sheria ya Bara inazikataza kugoma ila kwa masharti mazito. Hana mzigo wa kuuweka chini. Mzigo wake ni mama aliye katika uchungu saa tisa za usiku. Kwa mtu kama huyo, anayemsemea mezani ndiye silaha yake yote, na ndiyo maana swali la nani anamsemea, na kwa ridhaa ya nani, lilimkosesha usingizi kuliko shilingi zenyewe.

Wenzake kazini walimpa rai za kila namna. Mmoja alisema vyama ni fulana na kofia za Mei Mosi. Mwingine, mkongwe wa miaka mingi, alikumbusha kwamba alipozushiwa shauri la nidhamu ni mtu wa chama aliyekaa naye mbele ya kamati, na kwamba bila yeye angekuwa kijijini kwao analima pamba. Wa tatu alisema mali bila daftari hupotea bila habari, kisha akarudi kwenye simu yake. Wote watatu walikuwa wanakatwa. Alipowauliza kama ni wanachama au ni wa uwakala, hakuna aliyejua.

Mzee hakumshauri. Alipobanwa mara ya pili alisema kwamba yeye kazi yake ni kusoma namba, na akamwambia njia mbili. Aandike barua kuomba nakala ya fomu yake kama ipo. Na aulize kama kuna makubaliano ya uwakala, kati ya nani na nani, na fedha zake zinatunzwa akaunti gani. Barua moja, nakala mbili, tarehe juu, saini chini, na aliyepokea aweke muhuri. Palipo na mgogoro usiokwisha, ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. "Lakini usianzie kwenye tume," alisema. "Anzia kwenye tawi. Ulishawahi kwenda mkutano wa tawi?"

Hakuwahi. Hakujua kama tawi lipo.

Jibu la barua lilikuja baada ya wiki kadhaa: fomu yake haikuwapo. Alikuwa mtu wa uwakala tangu mwezi wake wa kwanza. Wenzake walitazamia angeudhika na kuanza kutafuta namna ya kurudishiwa fedha. Aliudhika, ndiyo, siku nzima, na jioni akapika wali wa nazi kwa nazi aliyotumiwa kutoka Mafia, jambo alilolifanya kila alipotaka kuwaza. Kesho yake aliomba fomu ya TUF 6, akaisoma yote, mbele na nyuma, akaijaza kwa kalamu yake mwenyewe, akabaki na nakala.

Mkutano wa tawi ulifanyika Jumamosi, chini ya mti, baada ya kampeni ya chanjo. Waliofika walitosha kujaza mabenchi mawili. Muuguzi alinyoosha mkono akauliza ada ya uwakala ya mwaka uliopita ilikuwa shilingi ngapi na ilitumika kwa lipi. Mwenyekiti alimtazama kitambo, akamuuliza kama yeye ni mwanachama. Akafungua mkoba, akampa nakala. Mwenyekiti akaisoma tarehe, akamrudishia, kisha akamwambia katibu aliandike swali hilo katika Mengineyo.